Jaruba ni la Nani? Maji, Karatasi na Mali Rujewa

Mwaka jana mjomba wangu alinipigia simu usiku, muda ambao kwa kawaida anakuwa keshalala. Salamu zilikuwa fupi. "Mpwa wangu, kuna ekari mbili za majaruba zinauzwa huku. Maji yanafika. Ukichelewa wiki hii, sahau."

Mjomba anaishi Rujewa, makao makuu ya wilaya ya Mbarali, mkoani Mbeya. Ukitoka Makambako kwa barabara kuu ya kwenda Tunduma, unashuka bonde la Usangu, joto linakupokea, halafu unaacha lami ya magari makubwa na kuingia ndani. Ni mji mdogo ambao bado haujaamua kuacha kuwa kijiji: bodaboda, mashine za kukoboa, maghala, na watu ambao ukiwauliza habari za nyumbani wanakujibu habari za mpunga.

Nilikwenda. Nilionyeshwa majaruba, nikaonyeshwa mfereji, kisha nikaonyeshwa karatasi. Ilikuwa kurasa moja iliyochanwa kwenye daftari: jina la muuzaji, majina ya mashahidi watatu, majirani wa pande nne, na muhuri uliofifia. Mjomba aliniangalia nilivyoikunjua na kuikunja. "Sasa wewe mwandishi wa habari unatafuta nini humo? Kila mtu anajua hili shamba ni lake."

Nilirudi mjini na swali hilohilo. Kila mtu anajua: ni nani huyo "kila mtu", na huwa anajua kwa muda gani? Badala ya kutuma hela nikaanza kusoma historia ya Usangu.

Wafanyabiashara wa misafara ya karne ya 19 waliiita nchi hii Urori. Tippu Tip anaitaja katika maisha yake aliyoyasimulia kwa Kiswahili, kama kituo cha njia ya kwenda kusini-magharibi. Wasangu chini ya watemi wa jina la Merere walikuwa na nguvu kubwa. Baadaye majirani zao Wahehe wakawazidi, na Merere akahama Utengule ya Usangu, akajenga ngome nyingine upande wa Mbeya, nayo akaiita Utengule. Hadi leo tuna Utengule mbili. Wajerumani walipokuja kupigana na Mkwawa, Wasangu waliungana nao, na miaka ya 1890 wakarudi bondeni. Hiyo ndiyo hati ya kwanza ya kuijua Usangu: nchi ni yako mradi unaweza kukaa, na ukifukuzwa unabeba jina la mahali.

Siku hizo utajiri wa bonde ulikuwa ng'ombe, pembe na watu. Mpunga wa kumwagilia ulikuja baadaye, na hapa wapo watu ambao vitabu vya shule havikututajia: Wabulushi. Asili yao ni Makran, pwani inayotazamana na Oman. Walifika Zanzibar kama askari wa masultani, wengine wakaingia bara na misafara, na baadhi wakatulia Usangu. Kati ya miaka ya 1930 na 1940 wakulima wa Kibulushi walikuwa wakichepusha maji ya mito inayoshuka kutoka milimani na kuyaingiza mashambani. Majirani waliona, wakaiga. Bonde kavu likaanza kuwa na thamani, na thamani hiyo haikutoka ardhini peke yake. Ilitoka kwenye banio, mfereji na kingo za jaruba, yaani mikono ya watu.

Mwaka 1958 Julius Nyerere aliandika kijitabu kilichoitwa Mali ya Taifa, akipinga mpango wa serikali ya kikoloni wa kuruhusu watu kumiliki ardhi moja kwa moja na kuiuza. Hoja yake kwa ufupi: ardhi hakuna aliyeiumba, kwa hiyo hakuna wa kuiuza, mtu anamiliki kile alichokiongeza kwa jasho lake. Ni hoja nzuri. Lakini mpeleke Nyerere kwenye jaruba la mjomba, umwombe atenganishe ardhi na jasho. Udongo umesawazishwa kwa miaka thelathini ili maji yatulie kina kimoja. Wapi Mungu aliishia na wapi jembe lilianza?

Baada ya uhuru serikali iliamua kulima yenyewe. Miaka ya 1970, wakati Wachina wakishiriki kujenga reli ya TAZARA, walisaidia pia kujenga shamba la mpunga la Mbarali, hekta zaidi ya 3,000, chini ya shirika la NAFCO. Kisha likafuata shamba la Kapunga. Mifereji ikawa ya zege, watu wakamiminika kutoka Njombe, Kyela na Usukumani. Wafugaji nao walishaanza kufika na makundi yao. Kijana aliyekuja kufanya kibarua alijifunza kupandikiza, akakodi nusu ekari, akaoa, akajenga. Ndivyo nusu ya Rujewa ninayoijua ilivyopatikana.

Mashirika ya umma yalipoanguka, mashamba yakabinafsishwa. Kapunga iliuzwa mwaka 2006, na hapa ndipo karatasi inapoonyesha meno. Wananchi walijua shamba la serikali lilikuwa hekta 5,500. Hati iliyokwenda kwa mwekezaji ilisomeka hekta 7,370. Tofauti ni hekta 1,870, na ndani yake kulikuwa na kijiji cha Kapunga: nyumba, shule, makaburi. Watu walilala wakiwa wanakijiji, wakaamka wakiwa wavamizi, na hawakuwa wamehama hata hatua moja. Mgogoro uliburuzwa takriban miaka kumi kabla ya serikali kuagiza eneo hilo lirudishwe kwa wananchi. Nimewahi kusoma riwaya zenye vitimbi vingi, lakini sijakutana na mwandishi aliyehamisha kijiji kizima kwa kubadili tarakimu.

Halafu kuna maji. Mto Ruaha Mkuu, ambao kwa vizazi ulitiririka mwaka mzima, ulikauka ndani ya hifadhi mwaka 1993, na ukaendelea kukauka kila kiangazi. Chini yake kuna mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu, hivyo mgao ulipoanza Dar es Salaam, macho yote yakageukia Usangu. Mwaka 2001 waziri mkuu Frederick Sumaye aliahidi akiwa London kwamba ifikapo 2010 mto ungetiririka tena mwaka mzima. Watafiti wa mradi wa SMUWC walikuwa wameonyesha kwamba sababu kubwa ni maji yanayoingizwa mifereji wakati wa kiangazi. Adhabu, hata hivyo, ilianza kwa wafugaji. Mwaka 2006 na 2007 waliondolewa na mifugo yao, wengi wakisukumwa kuelekea Lindi na Pwani. Mwaka 2008 pori la akiba la Usangu na maeneo jirani yakaunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, hifadhi ikafikia kilomita za mraba zaidi ya 20,000.

Mpaka mpya ukapita juu ya vijiji. Mwaka 2022 wananchi wakatangaziwa kwamba vijiji vitano vya Mbarali vitafutwa. Malalamiko yakafika mahakamani na hadi Benki ya Dunia, ambayo mwaka 2024 ilisimamisha fedha za mradi wa REGROW, uliolenga kukuza utalii wa kusini. Jamani, hata timu yetu ilihama! Ihefu, iliyobeba jina la ardhioevu ya bonde hili na kuvunja rekodi ya Yanga ya mechi 49 bila kufungwa mwaka 2022, leo iko Singida na jina jingine.

Sheria haijakaa kimya. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema hakimiliki ya kimila ina hadhi sawa na ile inayotolewa na serikali. Ukisoma unafurahi. Tatizo ni safari kati ya kifungu na daftari la mjomba. Hati ya kimila inahitaji kijiji chenye mipaka iliyopimwa na kukubalika, na Usangu mpaka ndilo jambo lenyewe linalogombaniwa.

Nilipomrudia mjomba nilikuwa na maswali matatu tu. Shamba liko upande gani wa mpaka wa hifadhi? Zamu ya maji ya mfereji imeandikwa kwa jina la nani? Na uko wapi muhtasari wa halmashauri ya kijiji ulioidhinisha muuzaji kuuza? La kwanza alilijibu haraka. La pili alilijibu baada ya kwenda kuuliza. La tatu alicheka.

"Mpwa wangu," akasema, "ungekuwepo wewe enzi zetu, hakuna ambaye angelima."

Ana haki. Rujewa imejengwa na watu ambao hawakungoja karatasi. Lakini pia ni watu haohao waliokuja kuambiwa, na karatasi za wengine, kwamba hawakuwahi kuwepo. Sikununua. Nilikodi ekari moja kwa msimu, kama wafanyavyo wengi pale, nikalipia pawatila na wapandikizaji, nikavuna gunia kadhaa zisizotosha kujisifia.

Wiki iliyopita mjomba kanipigia tena. Muuzaji ameitwa ofisi ya kijiji, na suala lake litajadiliwa kikao kijacho. Mjomba, aliyecheka, ndiye aliyemsindikiza. "Nimewaambia waandike na jina la mfereji," akasema. "Ardhi bila maji watupimie ya nini?"