Feni Iliyodharauliwa: Miaka ya Joto Ndani ya Kompyuta

Mwaka 1980 kampuni ya Apple ilitoa kompyuta isiyo na feni hata moja. Steve Jobs hakutaka kelele, hivyo Apple III ikaachiwa kasha lake la alumini litoe joto. Halikutosha. Chipu zililegea kwenye soketi zake, na wateja wakashauriwa wainyanyue mashine kidogo juu ya meza, kisha waiachie idondoke, ili chipu zirudi mahali pake. Kufikia 1984 Apple III ilikuwa imeachwa.

Somo lenyewe halikuwa geni. ENIAC, iliyozinduliwa Philadelphia Februari 1946, ilikuwa na vali za kioo zipatazo 18,000 na ilikula kilowati 150 za umeme. Bila feni kubwa za kusukuma hewa isingedumu. Chipu ndogo ndizo zilizowasahaulisha watu. Prosesa nyingi za nyumbani za miaka ya 1980 zilifanya kazi zikiwa wazi, bila chochote juu yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, prosesa za 486 zenye kasi na baadaye Pentium ya 1993 zikaanza kuvishwa bati la kupozea pamoja na feni. Tangu hapo chipu ya bei kubwa inategemea mota ndogo ya bei rahisi.

Wacheza gemu ndio walioumia zaidi, kwa kuwa gemu huitumikisha prosesa na kadi ya picha mfululizo, saa baada ya saa.

Mwaka 2001 tovuti ya Tom's Hardware iliweka hatari hiyo hadharani. Gemu la Quake III likiendelea, wajaribu waling'oa kipozeo juu ya prosesa. Pentium 4 ilipunguza kasi, na gemu likaendelea kwa kusuasua. Athlon ya AMD ilitoa moshi na kufa papo hapo. Watu walishtuka, na kwa haki: kipozeo kung'oka kulitosha kuiteketeza prosesa. Athlon 64 ya 2003 ilikuja na kinga ya kuizima kompyuta kabla chipu haijaungua.

Lakini feni nazo zilikuwa zinakabidhiwa kwa programu. Machi 2010 Nvidia iliondoa toleo 196.75 la programu endeshi ya kadi zake za picha, baada ya kugundulika kwamba feni haziongezi kasi ipasavyo wakati wa gemu. Julai mwaka huohuo gemu la StarCraft II lilizipandisha joto baadhi ya kompyuta hata kwenye menyu tu, kwani kadi ilichora picha bila kikomo cha kasi. Blizzard, kampuni iliyolitengeneza, ikawaelekeza wachezaji namna ya kuweka kikomo hicho.

Historia hiyo ndiyo iliyompa fundi wa leo mpangilio wa kazi. Kompyuta ikijizima katikati ya gemu, kwanza hutazama BIOS (programu ya msingi inayoiwasha kompyuta), ambako waya wa tatu wa feni huripoti kasi ya mzunguko. Feni ikisoma sifuri, hukagua plagi yake, kisha huchomeka feni nyingine iliyo nzima mahali hapo: hiyo ikizunguka, ile ya kwanza ndiyo mbovu, isipozunguka, kasoro iko kwenye ubao mama. Feni zote zikizunguka na joto bado linapanda, hupuliza vumbi lililoziba bati, hupaka upya krimu ya kupitisha joto iliyokauka, na mwishowe hukagua programu inayodhibiti kasi ya feni.