Mtoto Aliyeonwa na Wote, Asiulizwe na Hata Mmoja

Juma hili tunafuata habari ya mtoto mmoja wa Afrika aliyekufa mbali na kwao. Habari yake ilibadilisha sheria ya Uingereza. Tumeichagua kwa sababu ilianza na jambo ambalo sisi sote tunalijua na tunalipenda: kumpa ndugu mtoto amlee.

Victoria Climbié alizaliwa tarehe 2 Novemba 1991 huko Abobo, karibu na Abidjan, katika Kodivaa. Alikuwa mtoto wa tano kati ya watoto saba. Mwaka 1998 shangazi wa baba yake, aliyekaa Ufaransa, alirudi nyumbani kwa ajili ya matanga. Akawaambia wazazi kwamba anaweza kumchukua mtoto mmoja aende naye Ulaya apate masomo mazuri. Wazazi walikubali kwa furaha. Nani kati yetu angewalaumu? Hapa kwetu pia, mtoto wa kijijini anatumwa mjini kwa mjomba, yatima anapokelewa na mama mdogo, na wengi wetu tulisoma kwa njia hiyo. Ni desturi njema. Lakini imesimama juu ya nguzo moja tu, nayo ni moyo wa yule anayepokea.

Katika safari ile kulikuwa tayari na alama moja mbaya. Shangazi alikuwa na pasipoti yenye jina la msichana mwingine, ambaye wazazi wake walikuwa wamebadilisha shauri wakakataa kumtoa. Victoria alisafiri kwa jina la yule msichana. Tangu siku hiyo, hakuna ofisi hata moja iliyomjua kwa jina lake. Waliitwa mama na binti, na watu wakaamini hivyo.

Kwanza walikaa Ufaransa kwa miezi michache. Huko walimu wa masomo waliona mambo yasiyo sawa, wakaandika kuonya kwamba mtoto yuko katika hatari. Tarehe 24 Aprili 1999 shangazi akavuka naye hadi London. Huko Victoria hakuingia masomo hata siku moja, ingawa masomo ndiyo yaliyomtoa kwao.

Tuhesabu sasa waliomwona, maana hapo ndipo penye fundisho.

Ofisi ya watu wasio na nyumba ilimwona mara nyingi, akikaa kando ya shangazi aliyekuwa akiomba msaada. Waliandika habari za nyumba na za feza. Mwezi wa Juni 1999 mwanamke mmoja wa jamaa yao alipiga simu kwenye ofisi ya mambo ya jamii kusema kwamba mtoto ana majeraha na anahitaji msaada. Simu ile haikufuatiwa inavyofaa. Mwezi wa Julai shangazi alihamia pamoja na mtoto kwa mwanaume aliyekutana naye, katika chumba kimoja upande wa Tottenham. Siku chache baadaye, mama aliyekuwa akimlinda mtoto kwa malipo aliona majeraha yake, akaogopa, akahakikisha amepelekwa hospitali.

Katika hospitali ile munganga wa kwanza alishuku kwamba mtoto amepigwa. Polisi wakaamuru asirudishwe nyumbani. Kisha munganga mkubwa akatazama, akasema ni upele unaowasha, mtoto anajikuna mwenyewe. Kwa neno hilo moja ulinzi wa polisi ukaondolewa, na kesho yake Victoria akarudishwa kwa shangazi. Victoria alisema Kifaransa, kama watoto wetu. Katika mji mkubwa kama London haikuwa vigumu kumpata mtu wa kutafsiri, lakini hakuna aliyeketi naye peke yake kumwuliza nini kimempata.

Siku tisa tu zikapita. Tarehe 24 Julai aliingia hospitali ya pili, uso umeungua kwa maji ya moto. Shangazi alieleza kwamba mtoto alijimwagia mwenyewe kwa sababu ya upele. Safari hii alilazwa karibu majuma mawili. Wauguzi walimpenda. Waliona jinsi alivyocheka na kucheza mle chumbani, na jinsi alivyobadilika shangazi alipofika: alisimama wima kama askari mbele ya mkubwa wake, na mara moja akajikojolea kwa woga. Mmoja wao alisema baadaye kwamba ilionekana kama bwana na mtumwa, siyo mama na mtoto. Wengine waliomuogesha waliona alama kama za mshipi. Maneno hayo yalisemwa kati yao, lakini mengi hayakuandikwa, na yasiyoandikwa hayakumfikia aliyepaswa kuamua.

Mtumishi wa mambo ya jamii na polisi mmoja walipewa kazi ya kuchunguza. Walipanga kwenda kuona nyumba, kisha wakaacha kwa kuogopa kuambukizwa upele. Upele wenyewe unatibiwa kwa dawa ya kupaka. Tarehe 6 Agosti mtoto akarudishwa katika chumba kile.

Mtumishi yule alifika nyumbani mara mbili, mwezi wa nane na mwezi wa kumi. Alimwona mtoto akiwa ametulia, hasemi, anasimama sawasawa mbele ya shangazi. Alidhani hiyo ndiyo heshima ya watoto wa Kiafrika. Ndugu wapendwa, tusimame kidogo hapa. Mgeni akikosa kutofautisha heshima na woga, tunaweza kumwelewa. Lakini sisi tunaojua heshima ya kweli, tunakosaje? Mtoto mwenye heshima anamsalimu mkubwa na kumpokea mzigo, kisha anakwenda kucheza. Mtoto mwenye woga hachezi. Anatazama mikono ya mkubwa wake, maana anajua kitakachotoka humo.

Baada ya hapo milango ilifungwa. Mwezi wa Desemba na wa Januari mtumishi alibisha, hakuna aliyefungua, na ofisi ikadhani wamehama. Ndani ya chumba kile, katika majira ya baridi, Victoria alilazwa usiku katika beseni la kuogea, bila taa, amefungwa ndani ya mfuko mweusi wa takataka. Hatutaeleza yote. Yatosha kusema kwamba munganga aliyechunguza mwili wake alihesabu alama 128 za majeraha.

Kanisa nalo lilikuwa kati ya waliomwona. Tusiliruke neno hili, maana tunaandika kutoka redio ya kanisa. Shangazi alimpeleka kwa wachungaji. Aliwaambia kwamba mtoto anajikojolea na anajiumiza kwa sababu ana pepo mchafu. Mmoja aliamini hivyo, akaomba juu yake. Katika siku za mwisho alipelekwa kwenye kanisa lingine, akaahidiwa maombi. Tarehe 24 Februari 2000, alipoletwa akiwa hajijui tena, hapo ndipo waliposema apelekwe hospitali. Alikufa kesho yake, tarehe 25, akiwa na miaka minane. Siku hiyohiyo ofisi ya mambo ya jamii ilifunga rasmi faili yake.

Mwezi wa Januari 2001 shangazi na yule mwanaume walihukumiwa kifungo cha maisha kwa kosa la kuua. Serikali ya Uingereza ikaunda tume ya uchunguzi chini ya Lord Laming. Wazazi walitoka Kodivaa kuja kushuhudia mbele yake. Taarifa ilitoka Januari 2003 ikiwa na mashauri 108. Tume ilihesabu angalau nafasi 12 ambazo mtoto angeweza kuokolewa. Neno lake kubwa lilikuwa hili: sheria ilikuwako tayari, nayo ilitosha. Kilichokosekana ni watu kufanya kazi ndogo za kila siku, yaani kusoma faili, kupiga simu mara ya pili, kuuliza swali rahisi, kumsikiliza mtoto. Wakubwa wa ofisi walisema hawakujua, na tume ikajibu kwamba kujua ndiyo kazi yao. Kutoka hapo ilizaliwa sheria ya watoto ya mwaka 2004, inayolazimisha ofisi mbalimbali kushirikiana.

Je, mambo yaliisha? Hapana. Siku ya Noeli ya mwaka 2010, katika mji uleule wa London, mvulana wa miaka 15 wa jamaa ya Wakongo alikufa baada ya siku nyingi za kupigwa. Alikuwa ametoka Ufaransa pamoja na ndugu zake kuja kula sikukuu kwa dada yake mkubwa. Dada na bwana yake walimshitaki kwamba ni mlozi. Neno walilotumia ni kindoki. Lilitoka huku kwetu, likavuka bahari na kuua.

Kwa hiyo habari hii si ya Wazungu tu. Katika miji yetu tunawaona watoto wanaolala sokoni, na wengi wao walifukuzwa nyumbani kwa neno hilohilo. Mara nyingi ni watoto wa mke aliyekufa, au yatima waliopokelewa na jamaa, ambao chakula chao kimeanza kuonekana kizito. Mtoto anakojoa kitandani, au anaota usiku, au baba amepoteza kazi, na lazima apatikane mwenye kosa. Sheria yetu haikunyamaza. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumtesa mtoto na kumshitaki kwa ulozi. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009, katika kifungu cha 160, inatoa adhabu ya kifungo kwa anayemshitaki mtoto hivyo, na sheria hiyohiyo iliweka tribunali za watoto. Basi sisi pia tuna sheria. Tunabaki na lile swali la Lord Laming: nani atabisha mlango mara ya pili?

Tunawaomba wakristo wa kila shirika na kila avenyu. Ukimwona mtoto mgeni kwa jirani, ujue jina lake na kwao. Umwulize habari zake akiwa peke yake, katika lugha yake. Ukiona jeraha, usikubali maelezo ya mkubwa peke yake. Umpeleke kwa munganga, umwambie shefu wa avenyu, na neno liandikwe. Wazazi mliompa ndugu mtoto, mpige simu, na mwombe kusikia sauti ya mtoto mwenyewe. Nanyi wachungaji na viongozi wa vikundi vya maombi, mtoto akiletwa kwenu akisemwa ana pepo, mtazame kwanza mgongo wake. Maombi hayazuiliwi na hospitali, wala hospitali haizuiliwi na maombi.

Bwana Yesu alimwita mtoto, akamsimamisha katikati ya wanafunzi ili wote wamwone. Victoria naye alisimama katikati ya watu wengi. Tuombe tupewe macho, kisha miguu ya kwenda kubisha. Amina.