Vinili ya kupitisha mwanga: kukatwa au kuchapwa

Vinili ni ngozi nyembamba ya plastiki yenye gundi upande mmoja. Huuzwa ikiwa imevingirishwa kama mkeka, kisha hubandikwa juu ya kioo, bati, gari au kibao. Jina lake limetoka mbali. Wanakemia wa Ulaya wa karne ya 19 walilichonga kutoka vinum, neno la Kilatini la mvinyo, kwa sababu ya undugu wa kikemia kati ya kundi la atomi walilolipa jina hilo na kileo. Neno mvinyo nalo liliingia katika Kiswahili kupitia Kireno kutoka shina hilohilo, kwa hiyo vinili na mvinyo ni ndugu waliofika kwa majahazi mawili tofauti. Plastiki yenyewe, kloridi ya polivinili, ilikuwa ngumu na isiyofaa kwa kazi kama hii mpaka mkemia wa Marekani, Waldo Semon, alipogundua mwaka 1926 namna ya kuilainisha.

Neno hili lina mtego mdogo wa kisarufi. Kwa kuwa linaanza na vi-, sikio la Mswahili linaweza kulivuta kwenye ngeli ya vitu, kama kitab ya Kiarabu ilivyogeuka kitabu na kuzaa vitabu. Hapo kipande kimoja kingeitwa kinili, na mwenye duka asingejua anaulizwa nini. Ni afadhali likae pamoja na karatasi na rangi: vinili hii imechanika, vinili hizi zimepauka.

Matumizi yanayodai istilahi makini kuliko yote ni kibao cha taa ya ndani: sanduku la bati au alumini lenye taa ndani yake, na uso wa akriliki nyeupe ambayo wengi huiita pleksi. Mpiga picha anaujua mwanga wa nyuma kwa adha yake: mtu akisimama na jua mgongoni, uso wake hutoka mweusi. Kwenye kibao mambo ni hayohayo. Chochote kinachozuia mwanga hutoka cheusi, hata kama mchana kilikuwa chekundu. Ndiyo maana herufi zilizokatwa kwa vinili ya kawaida, ile ya kubandika kwenye milango ya magari, huwaka kwa uzuri wa rangi saa nane mchana, na ifikapo saa moja usiku zimegeuka kivuli. Mwenye duka hudhani taa ni mbovu. Taa ni nzima. Vinili ndiyo iliyokosewa.

Kinachotakiwa ni vinili inayoruhusu mwanga upite lakini isionyeshe kilicho nyuma yake. Kiswahili kina neno angavu, ila angavu humpeleka msomaji kwenye kioo cha dirisha, na kibao chenye uso wa kioo kingeanika nyaya na taa moja moja. Wapo wanaopendelea nusu angavu. Neno hilo si kosa, lakini linaifanya sifa hii ionekane kama upungufu, kitu kilichoshindwa kufika kwenye uangavu kamili, ilhali hapa kutofika ndiyo kazi yenyewe. Tazama gilasi mbili mbele ya dirisha, moja ya maji matupu, nyingine ya maji yaliyotiwa kijiko cha maziwa. Katika ya kwanza fremu ya dirisha inaonekana. Katika ya pili mwanga unafika, fremu haifiki, kwa sababu chembe za maziwa zimeutawanya mwanga kila upande. Vinili ya kibao ni ile gilasi ya pili. Jina linaloeleweka bila maelezo dukani ni vinili ya kupitisha mwanga, na kinyume chake vinili ya kuzuia mwanga. Angavu libaki kwa kioo.

Baada ya hapo ndipo linakuja swali la kukata au kuchapa, na tofauti yake kubwa ni mahali rangi ilipo. Katika vinili ya kukata, rangi imo ndani ya plastiki tangu kiwandani, imekorogwa humo kama majani ya chai yaliyochemkia majini. Mashine yenye kisu kidogo hufuata umbo la herufi na kukata ngozi ya juu tu, bila kugusa karatasi ya chini. Kisha mkono huondoa ziada: pembe za nje, tumbo la herufi O, pembetatu ya A. Mafundi wanaosema Kifaransa huita hatua hii échenillage, neno la asili la kutoa viwavi kwenye miti. Kiswahili hakihitaji viwavi. Kinalo neno kuchambua, la vidole vinavyotoa mawe kwenye mchele, na hakuna linalofaa zaidi.

Katika vinili ya kuchapa, plastiki ni nyeupe na rangi hulala juu yake, vitone vya wino wa samawati, waridi, manjano na mweusi. Faida yake ni dhahiri: uso wa mwanamke aliyesukwa kwenye kibao cha saluni, sahani ya samaki wa sambaza, rangi inayofifia taratibu kutoka bluu hadi nyeupe, yote haya hayakatiki kwa kisu.

Kasoro yake hujitokeza usiku, na sababu ni hesabu rahisi. Chukua wino unaopitisha nusu ya mwanga. Mchana, mwanga wa jua hupita kwenye wino, hugonga weupe wa chini, hurudi na kupita tena kwenye wino huohuo kabla ya kufika machoni. Nusu ya nusu ni robo. Usiku mwanga hutoka ndani na hupita mara moja tu, basi jicho hupokea nusu, na nyekundu iliyokolea huwa waridi ya kuchoka. Dawa ya kawaida ni kuchapa mara mbili, tabaka juu ya tabaka, ili usiku nao uwe na robo yake. Lakini mwanga wa mchana kwenye kibao hicho sasa unapita kwenye tabaka nne, yaani sehemu moja ya 16, na picha huonekana nzito kama iliyopikwa mno. Njia bora, ingawa hudai usahihi mkubwa, ni kuiweka chapa ya pili nyuma ya uso mweupe, ikiwa imegeuzwa kama kwenye kioo. Mchana weupe wa katikati huificha kwa sehemu kubwa. Usiku taa huiunganisha na ile ya mbele. Vinili ya kukata nayo hupauka kidogo usiku, ila watengenezaji wa aina ya kupitisha mwanga huipima rangi yake kwa hali zote mbili.

Mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, unaongeza masharti yake. Uko chini kidogo ya Ikweta, kwenye kimo cha karibu mita 1,500, ambako mionzi ya jua ni mikali kuliko pwani. Wino wa manjano na waridi kwa kawaida hutangulia kufa, na picha isiyofunikwa kwa tabaka la kinga hubaki na nyuso za samawati. Miaka ya uimara inayoandikwa na viwanda vya Ulaya hupimwa mara nyingi kwa hali ya hewa ya Ulaya ya Kati, kwa hiyo hapa ipunguzwe. Vumbi ni jambo jingine. Sehemu ya katikati ya mji ilifunikwa na lava ya volkano ya Nyiragongo mwezi Januari 2002 na kujengwa upya juu yake, na punje zake nyeusi huingia kila mahali. Punje moja chini ya vinili, isiyoonekana mchana, usiku ni doa. Sakafu ya mahali pa kubandikia hufaa iloweshwe kwanza, na uso wa pleksi uoshwe kwa maji ya sabuni mpaka dakika ya mwisho.

Halafu kuna umeme. Mtambo wa maji wa Matebe ulioanza 2015 na mtambo wa jua wa kampuni ya Nuru uliofuata 2020 imeongeza mwanga wa mji, lakini kibao cha Goma bado hupitia jioni nyingi bila taa, na mchana wa huku ni wa saa 12 mwaka mzima. Kibao kinachopendeza kikiwaka tu ni hasara. Hapo vinili ya kukata ina nguvu zaidi, kwa kuwa rangi yake haibadiliki sana kati ya hali hizo mbili.

Kwa msalaba wa kijani wa duka la dawa, jina la hoteli au alama ya rangi mbili tatu, basi, ikatwe. Rangi mbili zinapokutana zipishane kwa milimita 1 au 2 tu, maana usiku kila mpishano huonekana kama mstari wa giza. Vivyo hivyo, uso unaozidi upana wa vinili, ambao mara nyingi ni mita 1.22, upangwe ili kiungio kiangukie ukingoni mwa herufi. Kwa picha, ichapwe na kufunikwa. Kibao chenye vyote viwili kipewe vyote viwili: picha ichapwe, jina likatwe na kubandikwa kando yake, si juu yake. Na anayetaka herufi pekee ziwake gizani afunike uso wote kwa vinili nyeusi ya kuzuia mwanga, kisha achambue herufi zenyewe badala ya ziada.

Oda isiyozua ubishi inatosha kuwa na maneno machache: vinili ya kupitisha mwanga, kijani, ya kukata, kwa pleksi nyeupe ya milimita 3. Kabla ya kulipa, kipande cha sampuli kibandikwe kwenye pleksi hiyohiyo, kitazamwe mlangoni kwenye jua, kisha mbele ya balbu ndani ya chumba chenye giza.