Jembe na Gitaa: Ruvu, Dar es Salaam na Bendi Zilizosahauliwa

Mto Ruvu huteremka kutoka milima ya Uluguru, ukapita katika nchi ya Wazaramo na Wakwere, ukamwaga maji yake baharini karibu na Bagamoyo. Mji wa Dar es Salaam hunywa maji ya mto huu. Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, inauvuka. Na hapo Ruvu ndipo ilipochipuka, mwaka 1963, njia ya kuiunganisha reli hiyo na ile ya Tanga. Upande wa kusini, katika Kisarawe, inapita reli ya TAZARA iendayo Zambia. Kwa hiyo nchi hii ya Kibaha na Kisarawe, ambayo msafiri wa leo huipita akisinzia ndani ya basi, ni mlango wa Dar es Salaam. Yaliyoingia mjini kutoka bara, na yaliyotoka mjini kwenda bara, yalipita hapa.

Katika miaka ya 1960 na 1970 palikuwa mjini kizazi cha vijana kilichopenda gitaa la umeme kwa namna ambayo wazee wao hawakuizoea. Ulimwenguni kote zama hizo roki ilikuwa ikibadilika. Kulikuwa na roki ya saikedeli, iliyorefusha na kukwaruza sauti ya gitaa mpaka ikafanana na njozi. Na kulikuwa na roki ya progresivu, iliyokataa kufungwa ndani ya wimbo wa dakika tatu. Mawimbi hayo yalifika Afrika Mashariki. Lakini historia ya muziki wa Tanzania, kama inavyosimuliwa aghalabu, ina milango miwili tu: taarabu na dansi. Waliopiga roki hawakupewa mlango wala dirisha. Inafaa kuuliza walikwenda wapi, na kwa nini habari zao zilirudi nyumbani kwa mkono wa wageni.

Swali la vijana na ngoma za kigeni lilizaliwa pamoja na Jamhuri yenyewe. Tarehe 10 Desemba 1962, katika hotuba yake ya kuifungua Jamhuri ya Tanganyika, Mwalimu Julius Nyerere alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Alisikitika kwamba Waafrika wengi waliosoma walijua kucheza rumba, chachacha na rokenrol, ilhali gombe sugu na lelemama wengi hawakujua kuzicheza, wala hata hawakupata kuzisikia. Kauli hiyo ilikuwa na haki ndani yake, kwani ukoloni uliwafundisha watu kuzionea haya ngoma zao. Hata hivyo iliacha fumbo ambalo taifa lilihangaika nalo kwa miaka mingi: je, kijana wa Kiafrika anayepiga gitaa kwa mtindo wa nje amejitupa mwenyewe, au amekichukua chombo cha mwenziwe akakifanya chake?

Jawabu la serikali kuhusu malezi ya vijana lilionekana Ruvu kwa macho. Jeshi la Kujenga Taifa liliundwa mwaka 1963, na kambi yake ya Ruvu ikawa miongoni mwa zilizojulikana sana, kwa kuwa haikuwa mbali na mji. Kijana aliyetoka masomoni alivalishwa sare, akashika jembe asubuhi na kupiga kwata jioni. Hayo hayakupokewa na wote kwa moyo mkunjufu. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana mjini kupinga masharti ya utumishi huo, na mamia yao wakarudishwa makwao. Kuanzia hapo kijana wa taifa alichorwa kwa picha mbili zinazopingana. Mmoja yuko shambani Ruvu, jembe begani. Mwingine yuko mjini, suruali imembana na santuri ya kigeni mkononi.

Picha hiyo ya pili ndiyo iliyopigwa vita. Mwezi wa Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyoanza kutekelezwa Januari 1969, dhidi ya sketi fupi, nywele za bandia, dawa za kujichubua na suruali za kubana. Mwezi wa Novemba 1969 ikafika zamu ya muziki wenyewe. Mkuu wa Mkoa wa Pwani, mkoa ambao wakati huo uliukusanya mji wa Dar es Salaam pamoja na nchi ya Ruvu, Mustafa Songambele, alipiga marufuku muziki wa soul mjini. Kurasa za barua za magazeti zikawaka moto. Wako walioshangilia. Wako pia waliouliza swali gumu: soul ni sauti ya Waafrika wa Marekani waliokuwa wakipigania haki zao, kwa nini ihesabiwe ya kigeni, na rumba ya Kongo iruhusiwe?

Marufuku hayo hayakuvunja magitaa. Miaka michache baadaye Dar es Salaam ilikuwa na kundi la Sunburst, ambalo sauti yake ndiyo iliyokaribia zaidi kuwa jibu la fumbo la mwaka 1962. Mwimbaji wake alikuwa James Mpungo, na gitaa lilikuwa mikononi mwa Hembi Flory Kongo. Mtindo wao waliuita Kitoto. Ndani yake mlikuwa na roki, mlikuwa na soul ile iliyokatazwa, na mlikuwa na midundo ya ngoma za nyumbani. Waliimba kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Mmoja wa nyimbo zao unaitwa “Enzi za Utumwani”, na kichwa hicho peke yake chatosha kuwajibu waliodhani kwamba kijana mwenye gitaa la umeme ameisahau asili yake. Msomaji wa visiwani na wa mwambao hahitaji kuelezwa uzito wa neno utumwa. Hapa lilitiwa ndani ya roki, na vijana wa Dar es Salaam.

Sunburst hawakuwa peke yao. Tanga, mji ulioungwa na Ruvu kwa reli, ndiko lilikoanza katika miaka hiyo hiyo kundi la Love Bugs, lililokuja kuitwa Revolutions na hatimaye Kilimanjaro Band, Wana Njenje. Mombasa ilimtoa Slim Ali, aliyeimba soul kwa Kiingereza pamoja na Hodi Boys. Kutoka Kenya pia walitoka Matata, waliohamia London na kurekodi huko. Mwambao wote, basi, ulikuwa na masikio ya aina moja.

Kwa nini sauti hizo zilififia? Marufuku ni sehemu ndogo tu ya jawabu. Sababu kubwa ilikuwa ala na santuri. Gitaa la umeme, vipaza sauti na kinanda vilinunuliwa kwa fedha za kigeni, na fedha hizo zilikuwa adimu. Aliyekuwa na vyombo ndiye aliyekuwa na bendi. NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964, ilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi. Polisi na majeshi nayo yakawa na bendi zao. Mwanamuziki katika bendi hizo alipata mshahara na vyombo. Kundi la vijana wasio na taasisi nyuma yao lilitegemea mkopo, hisani au bahati. Kipaza sauti kikiungua, bendi imekufa.

Tena Tanzania haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Bendi zilirekodi katika Redio Tanzania Dar es Salaam, na kabla ya kurekodi mashairi yao yalipitiwa na kamati. Kanda zilibaki redioni, zikapigwa hewani, wala hazikuuzwa madukani. Aliyetaka santuri alikwenda Nairobi. Na mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, mpaka wa Kenya ukafungwa, usifunguliwe tena mpaka 1983. Wimbo usiokuwa na santuri huishi katika masikio ya waliokuwapo, na wakiondoka huondoka nao.

Ni katika dhiki hiyo ndipo Sunburst walipotazama upande wa reli ya kusini. Mwaka 1976, mwaka ule ule TAZARA ilipokabidhiwa rasmi kwa nchi mbili zilizoimiliki, kundi hilo lilirekodi Zambia santuri yake ndefu, Ave Africa. Hawakuchagua nchi hiyo bure. Zambia nayo ilikuwa nchi ya mstari wa mbele, yenye rais mwenye falsafa yake na serikali iliyotaka utamaduni wa taifa. Lakini amri yake ilikwenda njia nyingine. Rais Kenneth Kaunda aliagiza kwamba sehemu kubwa mno ya muziki wa redioni iwe ya Wazambia wenyewe, wala hakuuliza kama Mzambia huyo anapiga marimba au gitaa la kukwaruza. Ikawa vijana wa miji ya shaba, waliolelewa kwa santuri za roki, wameamriwa watunge zao. Shaba ilileta fedha, fedha ikaleta ala, na Ndola palikuwa na kiwanda cha santuri. Matokeo yake ni mtindo uitwao leo Zamrock: kundi la WITCH likiongozwa na Emmanuel “Jagari” Chanda, Amanaz, Paul Ngozi na Ngozi Family yake, na Rikki Ililonga wa Musi-O-Tunya. Nchi mbili jirani zilikuwa na shauku moja ya kujijenga upya. Moja ilikataza sauti ya kigeni. Ya pili iliwataka wananchi wake wapige yao. Tofauti ya vitenzi hivyo viwili, kukataza na kutaka, inasikika mpaka leo katika wingi wa santuri.

Hata hivyo Zambia nayo haikunusurika. Bei ya shaba ilianguka katikati ya miaka ya 1970, na baadaye UKIMWI ukateketeza wanamuziki wengi wa kizazi hicho. Jagari alibaki peke yake katika kundi lake la asili, akawa mchimbaji wa vito, kabla ya ulimwengu kumrudia akiwa mzee.

Habari ya pili ya safari inaanzia Kibaha kwenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi za Skandinavia, Sweden ikiwamo, zilijenga hapo mradi mkubwa wenye shule ya sekondari, kituo cha wakulima na kituo cha afya. Mradi huo ulikabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1970 na ukawa Shirika la Elimu Kibaha. Wengi wanaukumbuka urafiki huo kwa madarasa na dawa. Wachache wanajua kwamba ulizaa muziki pia. Patrick Balisidya, aliyezaliwa mwaka 1946 Mvumi katika Dodoma, aliunda Afro 70 mwaka 1970. Hakuwa mpigaji wa roki kwa maana kamili; alikuwa mtunzi wa dansi mwenye sikio lililo wazi, na nyimbo zake kama “Weekend” na “Harusi” zingali zikipigwa. Bendi yake iliiwakilisha Tanzania mwaka 1977 katika FESTAC, tamasha kuu la sanaa za watu weusi lililofanyika Lagos. Mwishoni mwa miaka ya 1970 alikwenda Sweden, akakutana na Archimedes Badkar, kundi la majaribio lililochanganya roki, jazi na muziki wa mataifa mbalimbali. Pamoja walitoa santuri Bado Kidogo, kwa majina ya makundi yote mawili. Wasweden wapendao roki ya progresivu wanaihesabu santuri hiyo miongoni mwa zao. Nyumbani kwa Balisidya, hata kati ya wanaomjua kwa moyo, wengi hawajapata kuishika mkononi. Alifariki mwaka 2004.

Kinyume cha mambo kilitokea upande wa jembe. Umoja wa Vijana wa TANU, uliosimamia Operesheni Vijana, ulipata bendi yake mwaka 1971: Vijana Jazz. Jeshi la Kujenga Taifa nalo likawa na Kimulimuli, na watu wakacheza. Taasisi zilizoundwa ili kumtoa kijana kwenye dansi la mjini ndizo zilizokuja kumpa gitaa, mshahara na nafasi redioni. Hilo si la kulaumiwa. Bila ya taasisi hizo nusu ya nyimbo zinazopendwa leo zisingerekodiwa. Lakini kuna bei iliyolipwa. Kilichopata mlinzi kilihifadhiwa, na kilichokuwa cha vijana wenyewe, chenye kujaribu na kukosea, kilibaki nje ya ghala.

Mwaka 2016 kampuni ya Strut ya London ilikusanya rekodi za Sunburst za mwaka 1973 hadi 1976 ikazitoa upya. Wapenzi wa muziki wa Ulaya na Marekani walishangaa kwamba Dar es Salaam ilikuwa na roki ya namna hiyo. Mshangao wao ni wa heri, na kazi yao inastahili shukrani. Lakini mkusanyaji wa ng'ambo husikia kwanza gitaa. Maneno ya Kiswahili kwake ni sauti nzuri tu. Nani atayapima mashairi hayo kwa mizani ya wenyewe, aonyeshe wapi mtunzi ameifuata bahari ya shairi na wapi ameiacha kwa makusudi ili apishe ngoma? Kazi hiyo haiwezi kufanywa London wala Stockholm.

Nayo ina muda wake. Kanda za Redio Tanzania sasa zimo mikononi mwa TBC, na utepe wa sumaku hauvumilii joto la pwani. Waliokuwa na miaka 20 wakati wa marufuku ya mwaka 1969 wamevuka 70. Baadhi yao wanaishi Mlandizi, Kibaha na Kisarawe, katika viwanja walivyonunua walipostaafu kazi za mjini, mwendo mfupi kutoka kambi ambako walishika jembe. Wanakumbuka ni bendi gani ilipiga ukumbi gani, nani alikuwa na gitaa la kuazima, na wimbo gani ulikataliwa na kamati kabla ya kufika studio. Wakiulizwa majina, watayataja.