Mazizi Mengi, Mali Moja

Leo tusome habari za akiba.

Zamani, kwa wafugaji wa nchi hii ya Ziwa, akiba ilikuwa ng'ombe. Mwenye busara hakuwaweka wote zizi moja. Wengine aliwapeleka kwa rafiki wa mbali, ili wizi au ukame usimfilisi.

Lakini katika miaka ya 1890 ikaingia sotoka, ikaua ng'ombe karibu kila mahali. Mazizi yalikuwa mengi, lakini mali ilikuwa ya aina moja.

Baadaye wengine waliweka noti za Kijerumani. Vita vya 1914 hadi 1918 vilipokwisha, noti hizo zilikuwa karatasi tupu.

Basi ukiambiwa, "Gawa mali yako, utakuwa salama," uliza kwanza: Ni balaa gani moja liwezalo kuiharibu yote? Zungumzeni darasani.