Anwani ya Mashine Isiyo na Mwili

Zamani mkulima wa kahawa katika miteremko ya Meru au Embu hakuletewa barua mlangoni pake. Barua iliandikwa nambari ya sanduku la posta la shule, la kanisa au la duka, na huko ndiko alikoifuata. Asiyekuwa na sanduku wala mtu wa kumpokelea alikuwa kama hayupo, ingawa yu hai na shamba lake lazaa.

Kompyuta nazo zina sharti hilo. Tarehe 1 Januari 1983, mtandao wa ARPANET wa Marekani ulianza kufuata kanuni za TCP/IP, ambazo kwazo kila mashine yapaswa kuwa na nambari yake. Nambari hizo ziliandikwa kwa mkono, na mashine mbili zikipewa nambari moja, mawasiliano yalivurugika. Mwaka 1985 ikaja kanuni ya BOOTP. Oktoba 1993 ikafuata DHCP, iliyoandikwa na Ralph Droms. Kwa kanuni hii mashine inapoamka huomba anwani, mgawaji hutoa moja, mashine huikubali, kisha mgawaji huithibitisha kwa muda maalumu.

Basi tuseme mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Embu, kilichopata hati yake mwaka 2016, amefungua mashine pepe, yaani programu iigizayo kompyuta nzima ndani ya kompyuta nyingine. Anaona anwani ianzayo na 169.254. Hiyo haikutoka kwa mgawaji: mashine imeomba, ikakosa jibu, ikajipa yenyewe.

Wengi hapo huilaumu mashine, wakaifuta na kuiunda upya, na siku ikapotea bure. Historia yatufundisha kuuliza kwanza: ombi limefika wapi? Ikiwa mashine pepe yapitia kwa mwenyeji wake, kama mkulima yule kwa sanduku la shule, mgawaji ni programu iliyomo ndani ya kompyuta hiyo. Na itazamwe kama inafanya kazi. Ikiwa yajitegemea mtandaoni, mgawaji yuko nje. Na itazamwe kama imeunganishwa na kadi ya mtandao iliyo hai, na kama mgawaji angali na nambari. Darasa zima likifungua mashine mbili mbili, nambari zaweza kwisha.

Asiyejibiwa si lazima awe bubu. Huenda sauti yake haikufika.