Mkono Ukifa Ganzi Usiku, Uulize Kidole cha Mwisho

Wasomaji wengi wa safu hii wako Mombasa, Malindi na Lamu, lakini mimi miaka hii riziki imenileta Nairobi, mitaa ya Eastlands. Leo nawaletea jambo lililonipata huku, ingawa lingeweza kunipata popote, maana ni jambo la mkono, na kwa wengi wetu mkono ndio duka na ndio shamba.

Lilianza usiku. Naamka mwendo wa saa nane, mkono wa kulia umekufa ganzi, vidole vinawaka kana kwamba nimeshika pilipili. Nikiukung'uta unatulia, nalala tena. Nikajiambia nimeulalia vibaya. Majuma yakapita. Siku moja nimo katika tahiyyatu, nikainua kidole cha shahada, nikatambua kuwa sikihisi sawasawa. Hapo ndipo nilipoingiwa na hofu.

Kila mtu alikuwa na lake. Mmoja alisema ni baridi ya Nairobi. Mwengine alisema ni kijicho. Wa tatu akanitisha kwamba ni kiharusi kinabisha hodi. Nilipomfikia daktari, swali lake la kwanza lilikuwa: "Na kidole cha mwisho je?" Kidole cha mwisho kilikuwa kizima kabisa, na jibu hilo lilimpa nusu ya habari aliyoitaka.

Maradhi yenyewe

Katika kilimbili, pale tunapofunga saa, pana njia nyembamba. Chini na kandoni imezungukwa na mifupa midogo 8, na juu imefunikwa na utepe mgumu usiovutika. Ndani yake hupita kano 9 zinazokunja vidole, pamoja na mshipa mmoja wa fahamu. Njia hiyo haipanuki. Kano au utando wake ukivimba, mshipa ule hubanwa kama mpira wa maji uliokanyagwa. Madaktari huyaita maradhi haya kapali taneli, yaani njia ya kilimbili.

Mshipa huo ndio unaohudumia gumba, kidole cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete. Kidole cha mwisho kina mshipa wake mwengine, usiopita mle ndani. Ndiyo maana kidole hicho ni shahidi mzuri. Ganzi ikiingia vidole vile na kumwacha yeye, kuna uwezekano mkubwa tatizo liko kwenye kilimbili. Usiku huzidi kwa sababu wengi wetu hulala tumekunja mkono, na mkono uliokunjwa huibana njia hiyo zaidi.

Nani hupatwa

Tazama kazi za huku Eastlands. Mafundi wa jua kali pale Kamukunji hugonga mabati kutwa. Kuna wenye mashine za kukata chuma zinazotetema, wapishi wanaokanda unga wa chapati kabla ya alfajiri, mafundi cherehani na wasusi. Huko Pwani kuna mkanda mahamri, mkuna nazi na mchonga milango. Wote hawa hushika kwa nguvu na kurudia tendo lile lile maelfu ya mara. Kushika kwa nguvu na mtetemo wa mashine ndiko kunakolaumiwa zaidi. Kuandika kwa kompyuta hutajwa sana, lakini ushahidi wake ni dhaifu.

Si kazi peke yake. Wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume. Mja mzito hupatwa khasa miezi ya mwisho, na aghalabu hupona akishajifungua. Kisukari, baridi yabisi, unene, tezi ya shingo iliyozembea na kilimbili kilichowahi kuvunjika, vyote hufungua mlango. Kwa hivyo mkono ukikusumbua, pima sukari pia. Huenda mkono ndio mjumbe wa kwanza.

Kungoja kuna gharama

Jirani yangu mmoja, mama wa makamo, alikuwa fundi wa mabuibui na kanzu. Ganzi ilimwanza kama yangu, akaichua kwa mafuta na kumeza vidonge vya maumivu kwa miaka 3. Mwisho akawa anaangusha vikombe, kisha akashindwa kutunga uzi kwenye sindano. Ule mnofu ulio chini ya gumba ulikuwa umenywea, pamebaki bonde. Alipasuliwa, na usingizi ukarudi, lakini nguvu za gumba hazikurudi zote. Leo cherehani anaitumia binti yake. Mshipa uliobanwa muda mrefu hufa kidogo kidogo, na kisu cha daktari hakifufui kilichokufa.

Jipime nyumbani

Gusanisha migongo ya viganja vyako, vidole vikielekea chini, ukae hivyo kwa sekunde 60. Ukihisi ganzi au sindano katika vidole vile vitatu na nusu, nenda ukaonwe. Jaribio hili si hukumu. Daktari atakugusa, atapima nguvu za gumba, na pengine ataagiza kipimo cha umeme cha kuona kasi ya mshipa.

Lakini tahadhari: mkono ukilegea ghafla, uso ukaenda upande au ulimi ukawa mzito, hiyo si kapali taneli. Hicho huenda ni kiharusi, kimbia hospitali saa hiyo hiyo. Na maumivu yakianzia shingoni yakashuka mkononi, huenda chanzo ni shingo.

Tiba

Ikigunduliwa mapema, tiba ya kwanza ni nyepesi: kifungo cha kilimbili chenye kipande kigumu ndani, kinachouweka mkono umenyooka wakati wa kulala. Huuzwa katika maduka ya dawa. Usikikaze sana, na ukivae kila usiku kwa majuma 6 au zaidi. Mimi ndicho kilichoniponya, alhamdulillah. Kisipotosha, daktari huweza kupiga sindano ya kupunguza uvimbe pale kilimbilini. Mwenye kisukari amwambie mapema, kwani sindano hiyo hupandisha sukari kwa muda. La mwisho ni upasuaji mdogo wa kuukata utepe ule ili mshipa upumue. Mara nyingi hufanywa kwa ganzi ya mkono tu na mtu hurudi kwake siku hiyo hiyo.

Anza na zahanati au hospitali iliyo karibu nawe, uombe rufaa. Huku kwetu wengi huanzia Mama Lucy Kibaki, na Mombasa kuna Hospitali Kuu ya Pwani.

Kinga

Fanya kazi kilimbili kikiwa kimenyooka kadiri uwezavyo. Pumzisha mkono dakika chache kila saa, na ubadilishe kazi. Noa makasi na visu, maana chombo butu hudai nguvu. Mpini mwembamba uviringishie kitambaa. Ukiumia unaposujudu, usijilazimishe kimya kimya. Dini ina wepesi kwa mwenye udhuru, muulize imamu wako.

Aliyeajiriwa ajue pia kwamba Sheria ya Mafao ya Majeraha ya Kazini ya 2007 inatambua na maradhi yatokanayo na kazi. Mwarifu mwajiri wako kwa maandishi na uweke karatasi za daktari.

Usiku wa leo mtu wako akiamka anakung'uta mkono, usimwambie ameulalia. Muulize kidole cha mwisho kikoje, na kukipambazuka mpeleke akaonwe.